Jani Jekundu

Huko New Caledonia, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, kuna mti wa jamii ya minazi uitwao Chambeyronia macrocarpa. Watu huupanda kwa pambo, na kinachowavutia ni jani lake jipya: hutoka jekundu la kung'aa, likakaa hivyo siku kumi au zaidi ndipo ligeuke kijani. Sisi wa Buruburu na Jericho, hapa Nairobi, tuna mwembe wa uani, nao huchipua majani ya rangi ya shaba, laini, yamelegea na kuning'inia. Wataalamu wa mimea hueleza kwamba wekundu huo hulikinga jani changa na jua kali kabla klorofili yake haijakomaa.

Rangi ile, basi, ni kinga. Nawawaza vijana wetu: nywele walizosuka, muziki unaotikisa kuta za ploti, michoro ya nganya, zile matatu za Umoja. Wazee huniuliza watatulia lini. Mimi naona watoto waliomaliza kidato cha nne, kazi hakuna, kodi ya nyumba imemkondesha mzazi, na bado asubuhi wanatoka wamependeza. Wakivuliwa rangi hiyo, wataungua.

Lakini kuna zito zaidi. Mwembe ukikatwa tawi utachipua kwingine. Mnazi una chipukizi moja tu, kule kileleni, na kila jani hutokea hapo. Moyo ule ukikatwa, majani ya zamani yataendelea kuwa kijani kwa muda, mpita njia adhani mti ni mzima, kumbe umekwisha kufa. Kanisa lililojaa sisi wenye mvi laweza kuonekana vivyo hivyo.

Juni 2024 Kenya iliwapoteza vijana walioingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, bendera mkononi. Mitaani mwetu bado wapo wazazi wanaoshtuka simu ikilia usiku.

Zaburi ya 92 humfananisha mwenye haki na mtende, ndugu wa mnazi, ikasema atazaa hata uzeeni. Tumezoea kuisoma kuwafariji wazee. Ila mtende huzaa uzeeni kwa kuwa kilele chake hakikuguswa.

Jumapili hii, baada ya ibada ya pili, vijana wataketi na baraza kupanga Jumapili ya Matawi: nyimbo, maombi, njia ya maandamano. Wazee wangu, nawasihi, tusije na orodha ya makosa yao. Na mtakaotumwa kutafuta matawi, kateni majani ya chini.