Mungu Hasingiziwi

Aliletwa ndani ya boksi la viatu, Jumanne asubuhi, katika kituo cha mbwa waliotelekezwa ninakofanya kazi, nje kidogo ya mji wa Columbus, jimbo la Ohio. Mtoto wa mbwa wa wiki saba, aina ya Australian Shepherd, mweupe pe, doa moja tu la kijivu sikioni. Bwana aliyemleta hakuwa mtu mbaya. Aliliweka boksi mezani kwa mikono miwili, kama anayeweka mayai, akasema huyu hawezi kumuuza, hasikii na haoni vizuri. Nikamuuliza wazazi wake wana rangi gani. "Wote wawili marakaraka," akajibu. Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetaka kunifariji: "Ndivyo Mungu alivyomuumba."

Neno hilo nimelelewa nalo. Kwetu Pangani, mama akijifungua mtoto mwenye kasoro, majirani wakaanza kunong'ona, hutokea mtu mzima mmoja akasema, "Ni kazi ya Mungu," na midomo ikafungwa. Nimeliona neno hilo likimwinua mama aliyekuwa anataka kuzama kwa aibu. Kwa hiyo siku ile halikunichekesha. Liliniuma, kwa sababu niliona limechukuliwa mahali pake likawekwa mahali pasipo pake.

Rangi ile ya marakaraka, kijivu kilichotapakaa mabaka meusi kama wino uliomwagikiwa maji, wataalamu wanaiita mereli. Mwaka 2006 Leigh Anne Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walionyesha inakotoka: kipande cha vinasaba kilichojipachika ndani ya jeni iitwayo PMEL. Jeni hiyo hutengeneza protini ambayo juu yake rangi nyeusi hutandazwa. Mbwa akirithi nakala moja yenye kipande hicho, rangi huvunjikavunjika, na ni nzuri kweli, silaumu jicho linaloipenda. Akirithi mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, rangi inakaribia kufutika yote.

Na rangi si pambo la ngozi tu. Ndani kabisa ya sikio zimo chembe za rangi zinazotunza majimaji ambayo bila hayo vinyweleo vya kusikia haviishi. Chembe hizo zikikosekana, vinyweleo hufa katika wiki za mwanzo za uhai, na havioti tena. Macho nayo huweza kuumbika madogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwapima masikio mbwa 153 wa mereli. Wenye nakala moja, wasiofika 4 kati ya 100 walikuwa na uziwi, wa sikio moja au yote mawili. Wenye nakala mbili, 25 kati ya 100.

Nilimpa jina Pamba. Nilidondosha bakuli la chuma nyuma yake alipokuwa amelala. Wenzake wa vizimba vya jirani waliruka, yeye hakutikisa hata ukope. Nilipomwinua kwenye mwanga wa dirisha niliona jicho la kulia limezama ndani, na mboni haikukaa katikati, imeteleza kuelekea chini kama kiini cha yai lililovunjwa kikaangoni. Lakini nilipomletea kiganja puani aliamka mara moja, mkia ukaanza kupiga sakafu.

Usiku ule nikapiga simu nyumbani.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba mwanangu. Bado uko na mbwa?"

Ami yangu amesomesha madrasa miaka mingi, na hajaacha kuniuliza kama nikiguswa na mate ya mbwa najiosha mara saba, moja kwa udongo. Najiosha. Nikamsimulia habari ya Pamba, nikamuuliza kama hiyo ni kadari. Alinyamaza hadi nikadhani laini imekatika. Kisha akasema: "Mtu akilala mlango wazi, mwizi akaingia, kila kitu kimo katika elimu ya Mola. Lakini asubuhi asiseme Mungu ndiye aliyeuacha mlango wazi. Mungu hasingiziwi, mwanangu." Akanikumbusha hadithi ya Mtume ya yule mwanamke aliyesamehewa dhambi zake kwa kumtekea mbwa maji kwa kiatu chake, akaniaga.

Mlango wenyewe ni huu. Dume mwenye nakala moja akimpanda jike mwenye nakala moja, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupata nakala zote mbili. Sasa tazama faida yake. Katika uzao wa namna hiyo, nusu ya watoto kwa wastani watakuwa marakaraka wazuri wa kuuzwa. Mpandishe jike yuleyule na dume mweusi asiyebeba mereli, utapata nusu ileile, na hatazaliwa hata mmoja wa nakala mbili. Kwa hiyo katika uzao ule akina Pamba hawaongezi faida yoyote. Hata hivyo wapo wafugaji wanaomweka mweupe kama yeye makusudi, kwa sababu watoto wake wote watakuwa na rangi hiyo ya soko.

Kuna swali lililoninyima usingizi zaidi ya hayo. Kama wale wawili wasingepandishwa, Pamba asingekuwepo kabisa. Hakuna Pamba mwingine mwenye macho mazima aliyenyang'anywa nafasi. Nikisema amedhulumiwa, nimpime na nini? Naye hana manung'uniko. Anakula, anafukuza upepo wa feni, analala chali. Nikimtazama siwezi kutamani asingezaliwa, na anayetamani hivyo sikubaliani naye.

Nilipofikia ni kwamba dhuluma haingoji mlalamikaji. Imo katika nia, kabla hajazaliwa yeyote: mtu anakaa na hesabu mkononi, anaridhia mmoja atakayetokea alipe kwa macho yake. Asiyejua namwondolea lawama. Mereli hugusa rangi nyeusi tu, ya manjano haiigusi, hivyo mbwa wa manjano huweza kuibeba bila doa lolote, na mwenyewe asishuku. Ila siku hizi kipimo kipo, kijiti tu cha kupangusa ndani ya shavu, na asiyetaka kujua si sawa na asiyejua. Pamba nampokea kama amana kutoka kwa Mola. Kile kitendo simbebeshi Mola.

Juma lililopita yule bwana alipiga simu. Alitaka kujua kama mtoto yu hai. Nikamwambia yu hai, ameongezeka uzito, na amejifunza kuwa nikikanyaga sakafu mara mbili maana yake chakula kimefika. Akacheka, nikasikia amefurahi kwa dhati. Nikamuuliza kama atampandisha tena yule jike. Akasema ndiyo, mwezi wa tatu. Basi nikamweleza ile hesabu ya nusu kwa nusu, polepole, mara mbili.

"Idadi ileile?" akauliza.

"Ileile."

Kimya. Nikasikia kalamu ikiandika.

"Dume mweusi mtupu, basi."

"Mweusi mtupu," nikamwambia, "na apimwe kwanza."