Talanta Moja Si Kidogo

Andiko: Mathayo 25:14–30



Nina jambo la kuungama. Miaka kadhaa iliyopita nilimwomba mama mmoja wa kanisa hili atusaidie kutembelea wagonjwa. Akaniambia, "Mchungaji, mimi sina talanta. Wengine wanaimba, wengine wanahubiri. Mimi nikipewa ni ile moja tu." Nikamtuliza: "Mama, hata hiyo ndogo Mungu huitumia." Akaenda nyumbani amefarijika, na akaendelea kukaa tu. Sote wawili tulilikosea hilo neno.

Hebu tuliangalie. Talanta inatoka kwa Kigiriki, talanton. Kwanza ilikuwa mizani, kisha uzito unaopimwa, kisha fedha ya uzito huo. Kwa kipimo cha Athene ni kama kilo 26. Mtungi wa maji wa lita 20 ukijaa ni kilo 20. Kwa hivyo talanta moja huiweki mfukoni! Na thamani yake? Kama dinari 6,000. Dinari moja ilikuwa malipo ya kibarua wa siku, tunavyosoma Mathayo 20:2. Ukifanya kazi siku 300 kwa mwaka, hiyo ni miaka 20 ya jasho. Yule wa talanta moja hakupewa kidogo.

Warumi walilichukua neno hili wakasema talentum, likaenea Ulaya. Waingereza, Wafaransa na Wajerumani husema talent, Waitaliano na Wahispania talento. Katika Kifaransa cha zamani lilikuwa na maana ya hamu, pale moyo unapoelemea, kama mizani inavyolala upande mmoja. Baadaye, kwa sababu ya mfano huu wa Yesu, likawa kipaji cha mtu. Leo hata wasioshika Biblia wanalitumia, na limetoka kwa Biblia.

Lakini soma tena mstari wa 15. Bwana aligawa kulingana na uwezo wa kila mtumwa. Umeona? Uwezo ulikuwepo kabla talanta haijatolewa. Uwezo ni kitu kingine, na talanta ni kingine: ni mali ya Bwana, amekuaminia uibebe. Hata yule mtumwa hakusema hana uwezo. Alisema aliogopa, mstari wa 25.

Mama yule anajua kukaa na mgonjwa bila kuchoka. Ndiyo maana nilimwomba. Nami kwa maneno yangu matamu nilimshikia jembe akichimba shimo. Juzi nilienda kwake kumwomba msamaha. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Saa za kuona wagonjwa ni ngapi?"

Mpendwa, wewe umefukia nini? Wiki hii, kabla hujasema "sina", jiulize umeaminiwa nini. Bwana anarudi, na atauliza.

Amina.