Nyumba ya Damu, Kijiji cha Rika

Kabla ya kuitwa Tukuyu, mji huu ulibeba jina la kasri la Ulaya. Wajerumani waliuita Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya, kwa kuwa kituo chao cha kwanza kule chini, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kilipewa jina la Mwanamfalme Hermann wa Hohenlohe-Langenburg, kiongozi wa jumuiya iliyopigania makoloni ya Ujerumani. Langenburg yenyewe ni kasri lililokaa juu ya bonde la mto Jagst, na ukoo wa Hohenlohe unaishi humo hadi leo. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey wa Uingereza yaliingia mjini, na jina la kasri halikukaa sana baada ya hapo.

Kasri ni jibu la swali ambalo dini na falsafa zimelizunguka kwa karne nyingi: mtu ni wa nani, na aishi na nani? Makabaila wa Ulaya walijibu kwa mawe. Mtu ni wa damu yake.

Jibu hilo halikupata kuandikwa vizuri kuliko Vaux-le-Vicomte, kusini-mashariki ya Paris. Nicolas Fouquet, waziri wa fedha wa Louis wa 14, aliwakusanya Louis Le Vau achore jengo, Charles Le Brun apambe dari na André Le Nôtre apange bustani. Lango, ua, ukumbi mkubwa wenye umbo la yai na bustani vimelala kwenye mstari mmoja. Katika nyumba za aina hii vyumba hufuatana kwa milango inayotazamana, na cheo cha mgeni ndicho kilichoamua afike chumba cha ngapi. Kindi, nembo ya ukoo wa Fouquet, amechongwa na kuchorwa huku na huko ili mjukuu wa mjukuu asisahau nyumba ni ya nani. Tarehe 17 Agosti 1661 Fouquet alimkaribisha mfalme kwa karamu ya kukata na shoka. Wiki tatu hazikutimia, akakamatwa. Alifia kifungoni mwaka 1680, na wale mafundi watatu mfalme akawachukua kwenda kumjengea Versailles.

Kule Tukuyu, chini ya mlima Rungwe, Wanyakyusa walijibu kwa mianzi.

Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi nao katika miaka ya 1930, na mwaka 1951 Monica akachapisha kitabu kizima kuhusu vijiji vyao vya rika. Mvulana alipofika miaka kumi au kumi na mmoja aliacha kulala kwa wazazi. Yeye na wenzake walijenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao. Walichunga ng'ombe wa baba na kulima shamba lake, na chakula walikifuata kwa mama zao, kundi zima leo kwa mama huyu, kesho kwa yule. Walipooa, wake waliletwa pale pale, na vile vibanda vya kitoto vikawa kijiji kamili, ikipanga. Mtu alizeeka akiwa amezungukwa na wale aliochunga nao.

Sababu mbili zilitajwa. Ya kwanza ni heshima: haikufaa kijana anayebalehe alale karibu na wazazi wake, wala mke wa mtu akutane na baba mkwe; mke huyo alipaswa kumkwepa mkwe njiani na hata kulikwepa jina lake. Ya pili ni ukwangala, raha ya kukaa na wenzako, kula nao na kuzungumza nao kama watu walio sawa. Anayekula peke yake, au na watoto wake tu, angejifunzia wapi adabu na maneno ya watu wazima?

Takriban mara moja kwa kila kizazi ilifanyika ubusoka. Moto wa zamani ulizimwa, mpya ukapekechwa, wazee wakakabidhi uongozi na kusogea kuwapisha vijana. Nyumba ya mianzi na udongo haikumzuia mtu kusogea.

Lakini damu haikufukuzwa. Ng'ombe walirithiwa ndani ya ukoo, kutoka kwa ndugu hadi ndugu. Mali ilifuata damu, makazi yakafuata rika, na kila mtu alikuwa na miguu pande zote mbili.

Kisha mwaka 1891 wakafika wamisionari wa Kimoravian wakiongozwa na Theodor Meyer, na hapa historia ina mzaha wake. Kanisa lao lilizaliwa upya kwenye shamba la kabaila. Mwaka 1722 Nikolaus Ludwig von Zinzendorf aliwapokea wakimbizi wa dini katika ardhi yake huko Saxony, wakajenga Herrnhut. Humo waliwapanga waumini kwa umri, jinsia na ndoa: vijana wa kiume nyumba yao, wanawali yao. Walizikwa hivyo hivyo, si kwa ukoo, chini ya mawe yaliyolala sawasawa. Ni makaburi ya Zinzendorf na jamaa zake tu yaliyoinuliwa katikati, makubwa kuliko yote.

Ungetarajia watu hawa wautambue ukwangala mara moja. Badala yake, vijiji vya Wakristo vilivyokua kando ya misheni viliwachanganya wazee na vijana, kwa kuwa kilichowaunganisha ni imani. Kahawa na chai zikamaliza kazi. Mti wa kudumu hauhamishiki, na katika miaka ya 1950 mtafiti Philip Gulliver alionyesha jinsi uhaba wa ardhi ulivyokuwa ukiwafanya wana wadai viwanja vya baba zao. Aliyejenga kwa matofali hakutaka kusogea tena.

Leo kando ya nyumba nyingi za Rungwe, katikati ya migomba, yapo makaburi ya saruji na vigae: babu, baba, mwana. Watu wa rika la marehemu huja msibani, huchimba, hukesha wakisimulia walivyochunga pamoja. Matanga yakiisha, kila mmoja hurudi kwake, kwenye makaburi ya kwao.