Hukumu ya Barazani

Wahenga walinena ya kuwa heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Usemi huu aghalabu hukumbukwa pale mtu anapomtusi mwenziwe, anapotoa siri ya nyumba, au anapoapa kiapo asichoweza kukitimiza. Ni nadra kukumbukwa pale mtu anapoketi barazani jioni, kikombe cha kahawa mkononi, akaulizwa juu ya filamu aliyoitazama jana, naye akajibu kwa neno moja: “Upuuzi.” Neno hilo hupita kama upepo. Hakuna aliyetukanwa kwa jina, hakuna mali iliyopotea, na mazungumzo huhamia kwenye bei ya samaki. Hata hivyo swali linabaki: je, mtu huyo amefanya jambo lolote? Ametoa hukumu, au amepumua tu?

Visiwani Unguja swali hili lina mizizi mirefu. Kwa miongo mingi ya karne iliyopita kwenda sinema kulikuwa sehemu ya maisha ya mji. Watu walivaa wakapendeza, wakaelekea Majestic ya Vuga na majumba mengine, na walipotoka hawakulala na yale waliyoyaona. Laura Fair, mwanahistoria wa Marekani aliyetoa mwaka 2018 kitabu kizima juu ya sinema katika miji ya Tanzania, ameonesha jinsi mijadala ya filamu ilivyoendelea njiani, majumbani na barazani baada ya taa kuwashwa. Filamu ilikuwa haimaliziki ukumbini, kwani nusu yake ya pili ilichezwa na watazamaji wenyewe, kwa ndimi zao.

Miongoni mwa filamu zilizopendwa mno ilikuwa Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka India mwaka 1951. Kisa chake kinafaa kukumbukwa hapa kwa kuwa chenyewe ni kisa cha hukumu ya haraka. Hakimu Raghunath anaamini kuwa mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na mtoto wa muungwana lazima awe muungwana. Kwa imani hiyo amemtia hatiani mtu aitwaye Jagga, si kwa ushahidi bali kwa sababu ya baba yake. Jagga analipiza kisasi kwa kumteka mke wa hakimu, kisha anamwachia anapogundua kuwa ni mjamzito. Mke anaporudi, hakimu anamtilia shaka, anamfukuza, na mtoto anazaliwa, kisha anakulia katika mitaa ya dhiki ya Bombay. Mtoto huyo, Raj, anafunzwa wizi na Jagga yuleyule. Hivyo hukumu mbili za pupa, moja ya mahakamani na moja ya nyumbani, ndizo zilizomfanya mtoto wa hakimu kuwa mwizi.

Wengi walioitazama filamu hiyo katika mwambao hawakujua Kihindi. Walifuata nyuso, nyimbo na mwendo wa kisa, na hayo yakawatosha kuuliza swali zito: je, tabia ya mtu hutoka damuni au hutoka katika malezi? Swali hilo halikuhitaji shahada. Lilihitaji mtu aliyetazama hadi mwisho na mwenzake aliye tayari kumbishia. Basi maoni mepesi juu ya filamu si lazima yawe maoni matupu. Yaweza kuwa mlango ambao watu wa kawaida huingilia katika mambo ambayo wanafalsafa huyaandikia vitabu.

Lakini mlango huo una kizingiti chake. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, katika kitabu chake cha mwaka 1790 juu ya uwezo wa kuhukumu, alitenga kauli mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ile ya mtu asemaye kuwa kitu fulani kinamfurahisha yeye. Kauli hiyo haina ubishi, kwa maana kipendacho moyo dawa, na hakuna awezaye kumwambia mwenziwe kuwa hakukipenda alichokipenda. Ya pili ni ile ya mtu asemaye kuwa kitu hicho ni kizuri. Huyu wa pili hasemi tena juu ya moyo wake peke yake. Anawadai wengine wakubaliane naye, na kwa kudai hivyo ameingia katika deni.

Tofauti hii huonekana ndogo, na ndiyo maana hupuuzwa. “Filamu ile haikunivutia” na “filamu ile ni mbovu” husemwa kwa sauti moja na huchukua muda uleule. Hata hivyo ya kwanza ni habari ya msemaji, na ya pili ni habari ya filamu. Aliyechoka, aliyekwenda na njaa, au aliyegombana na nduguye kabla ya kutoka nyumbani ana haki kamili ya kusema ya kwanza. Akisema ya pili, amemtwika mtengenezaji wa filamu mzigo wa uchovu wake mwenyewe.

Je, basi mtu wa kawaida anyamaze, awaachie wataalamu? Mwanafalsafa wa Uskochi, David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757 juu ya kipimo cha ladha, alikumbusha hadithi aliyoitoa katika Don Quixote. Watu wawili wa ukoo mmoja waliitwa kuonja mvinyo wa pipa. Mmoja akasema ni mzuri, isipokuwa una ladha kidogo ya ngozi. Wa pili akasema ni mzuri, isipokuwa una ladha kidogo ya chuma. Wote wawili wakachekwa. Pipa lilipokwisha, chini yake ulionekana ufunguo wa zamani uliofungwa kwa ukanda wa ngozi.

Funzo la kisa hiki lina pande mbili. Upande mmoja unamtetea msemaji wa barazani: mtu aweza kuhisi kweli jambo ambalo hawezi bado kulieleza, na kukosa maelezo si ushahidi kuwa amekosa. Yule bibi asemaye tu kuwa filamu fulani “ina uongo mahali fulani” huenda ameuonja ufunguo. Kumcheka kwa kuwa hakutumia istilahi za wahakiki ni pupa ileile ya hakimu Raghunath. Upande wa pili unambana msemaji. Waonjaji wale hawakusema mvinyo ni mbaya kisha wakaenda zao. Walisema ni mzuri, wakataja kasoro, na wakaitaja kwa kipimo: ngozi kidogo, chuma kidogo. Zaidi ya yote, walikuwa wameonja.

Na hapa ndipo penye kosa kubwa zaidi katika maoni juu ya filamu, nalo ni kuhukumu kisichoonwa. Mahakamani shahidi huulizwa kwanza kama aliona kwa macho yake au alisimuliwa. Barazani swali hilo huulizwa mara chache. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, juu ya sangara wa Ziwa Viktoria na maisha ya Mwanza. Ilionesha minofu ikipelekwa Ulaya kwa ndege na wenyeji wakibaki na mapanki, na ikadokeza kuwa ndege hizo zilihusika na biashara ya silaha. Nje ya nchi ilisifiwa, ikafika hadi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2006. Nchini, mwaka huohuo, Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani, na Mwanza yakafanyika maandamano ya kuipinga.

Hapa si mahali pa kuamua ni nani aliyekuwa na haki katika mzozo ule. Linalohusu swali hili ni kwamba ubishi ulisafiri mbali zaidi kuliko filamu yenyewe. Ulaya wapo walioisifu kuwa ni picha ya kweli ya mji ambao hawakuwahi kuukanyaga. Afrika Mashariki wapo walioilaani kwa yale waliyosimuliwa. Wa kwanza waliiona filamu bila kuuona mji. Wa pili waliujua mji bila kuiona filamu. Kila upande ulikuwa na jicho moja, na kila upande ulisema kana kwamba una mawili. Waliostahili kusikilizwa kwanza, yaani wavuvi na wauza mapanki waliooneshwa ndani yake, walikuwa na nafasi ndogo kuliko wote ya kusema kama wametendewa haki.

Aidha, ipo methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa filamu methali hii si kweli daima. Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi, lililoanza Unguja mwaka 1998, limewapa wakazi wa visiwa nafasi ya kuona kazi za watu wa nchi za mbali na za karibu chini ya mbingu wazi ya Ngome Kongwe. Mara nyingi kazi ya namna hiyo huoneshwa usiku mmoja tu. Haina mabango barabarani wala fedha za matangazo. Imechukua miaka ya mtu, na kinachoibebea jina baada ya usiku ule ni ndimi za waliotoka mlangoni. Neno “upuuzi” likisemwa juu ya filamu kubwa ya kigeni ni jiwe lililotupwa baharini. Likisemwa juu ya kazi ya kijana wa kisiwani, laweza kuwa ndilo jiwe la kaburi lake.

Hoja ya kupinga haya yote inajulikana, nayo ina uzito. Mtu aweza kusema kuwa baraza si mahakama. Watu hukutana kupumzika, na mazungumzo yakitiwa masharti hufa. Ikiwa kila asemaye neno juu ya filamu atadaiwa ushahidi na sababu, watu watanyamaza, na kisichozungumzwa husahaulika. Pengine hata maoni ya pupa ni bora kuliko kimya.

Hoja hii ni ya kweli kwa kiasi, lakini inachanganya wepesi na uzembe. Wapenzi wa ushairi wana mfano ulio karibu. Katika malumbano ya washairi, mzaha huruhusiwa, kejeli huruhusiwa, hata kuchomana kwa maneno huruhusiwa. Hata hivyo anayejibu aghalabu hufuata bahari na vina vya aliyemtangulia. Sharti hilo halikuwekwa kuua utani. Ndilo lililoupa utani ladha yake. Maana mtu hawezi kufuata vina vya mwenziwe bila kumsikiliza kwanza, beti kwa beti. Jibu laweza kuwa jepesi kama unyoya na bado likawa ushahidi kuwa msemaji alisikia alichokijibu.

Kipimo cha maoni ya barazani chaweza kuwa hichohicho. Halazimiki msemaji kueleza yote, wala kuwa na elimu ya kamera na sauti. Analazimika jambo moja dogo: kulibeba swali “kwa nini?” likija. Aliyetazama hadi mwisho atalibeba, hata kama jibu lake ni kutaja uso mmoja uliomkaa moyoni au neno moja lililomkera. Aliyelala katikati atasema kuwa alilala, na kusema hivyo hakumpunguzii heshima. Asiyeona atasema hakuona. Na kila mmoja ataacha nafasi kwamba kesho mwenziwe aweza kuutoa ufunguo chini ya pipa.

Mwisho wa Awara, Raj yuko kizimbani kwa kosa la kujaribu kumuua hakimu, ambaye ni baba yake. Rita, mwanasheria ampendaye, anamtetea, na katika kumtetea anamsimamisha Raghunath kama shahidi na kumhoji. Mtu aliyezoea kuhukumu anaulizwa sababu za hukumu zake za zamani, na anaonekana hana. Raj naye hajiombei msamaha. Anaiomba mahakama iwafikirie watoto wengine wanaokulia katika mitaa kama aliyokulia yeye. Anafungwa miaka mitatu.

Watazamaji wa Unguja waliotoka Majestic usiku ule wa zamani, wakibishana njiani kama kifungo kile kilikuwa cha haki, huenda hawakujua kuwa walikuwa wakifanya kazi ambayo hakimu wa filamu alishindwa kuifanya. Walikuwa wameona kwanza, wakaulizana, wakasikilizana, na wengine wakabadili rai kabla ya kufika nyumbani.