Motokaa Iliyopita Majini na Amana ya Mwenyewe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, kila masika yanapoingia katika miji yetu ya pwani, na kila vuli inapozidi kadiri yake kama ilivyozidi Novemba 2023, njia zetu hugeuka mito. Mitaro iliyozibwa kwa taka zetu wenyewe huyarudisha maji barabarani, na mwenye motokaa hujikuta mbele ya maji asiyoyajua kina chake. Wengine hurudi nyuma, na wengine huingia. Na katika hao walioingia yuko anayetoka upande wa pili, akafika nyumbani, akazima injini, kisha usingizi ukamruka. Asubuhi yake kila mlio anaousikia humtia hofu. Je, maji yameingia ndani? Je, mali aliyoikusanya kwa miaka mingi, au aliyoikopa na bado anailipa, imekwenda kwa dakika moja?

Huenda mtu akauliza: jambo hili lahusu nini dini, hata lipewe nafasi katika ukurasa huu? Jawabu ni kwamba lahusu sana. Mali aliyonayo mja ni amana ya Mola wake, naye ataulizwa aliipata wapi na aliitumiaje. Na hofu ya mali ni mtihani: humpeleka mtu kwenye wema, au humpeleka kwenye upuuzi, au humpeleka kwenye dhuluma. Tutazitazama njia hizo moja moja, inshallah.

Kwanza yafaa tuseme neno juu ya kuingia majini kwenyewe. Maji ya sentimita 30, yasiyofika hata gotini, yatosha kuinua motokaa ndogo nyingi hata magurudumu yasishike ardhi. Na maji ya sentimita 60 yaendayo kwa nguvu huweza kuchukua hata gari kubwa. Katika mafuriko ya masika ya mwaka 2024 walikufa katika Kenya watu zaidi ya 200, na miongoni mwao walikuwamo waliochukuliwa na maji juu ya magari yaliyojaribu kuvuka mito. Sheria yetu haikumlazimisha mtu kujihatarisha namna hiyo hata kwa ajili ya ibada. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Ibn Abbas, R.A., siku ya mvua nyingi, alimwamuru mwadhini wake awaambie watu wasali majumbani mwao badala ya kuwaita msikitini. Na watu walipoona ajabu, akawaeleza kwamba hayo yalifanywa na aliye bora kuliko yeye, naye ni Mtume S.A.W. Na siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Basi ikiwa sala ya Ijumaa yapata ruhusa kwa mvua na matope, haja ya soko au ya arusi ina udhuru gani? Na dereva wa matatu mzigo wake ni mzito zaidi, kwani roho alizozibeba si zake.

Ama aliyekwisha kupita, wajibu wake ni kukagua. Ni mashuhuri hadithi ya mtu aliyemwuliza Mtume S.A.W. kama amfunge ngamia wake, au amwache na kumtegemea Mungu. Akaamriwa afunge, kisha ategemee. Kumfunga ngamia wa zama zetu hizi ni kumwita fundi.

Injini huvuta hewa na kuibana, na maji hayabaniki kama hewa. Yakiingia mahali pa pistoni, pistoni hupanda ikakuta kitu kisichokubali kubanwa, na mkono wake wa chuma ukapinda au ukavunjika. Kwa hivyo injini ikizimika ndani ya maji isiwashwe tena, hata kwa kujaribu mara moja. Isukumwe mpaka pakavu, ifunguliwe betri, kisha aitwe fundi. Mara nyingi kinachoiua injini ni ufunguo uliozungushwa mara ya pili na mtu asiyekuwa na subira.

Na ikiwa haikuzimika, ajue mwenyewe kwamba breki zilizolowa hazishiki sawasawa. Azikanyage pole pole mara kadhaa, akienda taratibu, mpaka zikauke. Akifika na injini ikapoa, avute kijiti cha kupimia oili atazame. Oili iliyogeuka rangi ikafanana na chai ya maziwa imechanganyika na maji, na injini haifai kuwashwa mpaka oili hiyo imwagwe na itiwe mpya. Alitazame chujio la hewa. Likiwa kavu, ni dalili njema. Fundi aangalie oili ya giaboksi na ya difu, na grisi ya beringi za magurudumu. Mazulia yainuliwe yakaushwe, kwani chini yake hupita nyaya za umeme. Na ikiwa ni maji ya bahari yaliyopanda kwa bamvua, motokaa ioshwe upesi kwa maji matamu, khasa upande wa chini, kwa sababu chumvi huendelea kula chuma na nyaya kwa miezi mingi, na mwenyewe amekwisha kusahau.

Akisha kuyafanya hayo, hofu yake imemaliza kazi yake. Atakayoyapata baadaye ni wasiwasi, na wasiwasi haurudishi kilichoharibika wala hauzuii kitakachoharibika. Alale, na amwachie Mungu yaliyobaki.

Lakini wako ndugu ambao hofu huwapeleka pengine. Husema motokaa imepigwa jicho. Wakatundika hirizi kwenye kioo, au wakamwaga damu ya kuku mbele ya magurudumu. Hatukatai kwamba husuda ipo, na kinga yake tumekwisha fundishwa na Mtume S.A.W., nayo ni dua na kumwomba Mungu hifadhi. Lakini maji yaliyoingia katika oili hayatoki kwa hirizi. Na jirani anayesingiziwa ana heshima yake, naye amevunjiwa bila ya shahidi. Anayemwacha fundi akamwendea mpiga ramli huipoteza mali yake, kisha akaitia hatarini dini yake, na hasara hii ya pili haina vipuri.

Sasa tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Yuko mwenye motokaa aliyekwisha kuambiwa na fundi kwamba maji yameingia, na kwamba matengenezo ni ya fedha nyingi. Huyo huiosha, akaipaka nta ikang'aa, akakausha viti na kutia manukato ili harufu ya ukungu isisikike, kisha akaipeleka kuuzwa. Mnunuzi huiona nzuri, akaiwasha ikaitika, akatoa fedha zake. Baada ya wiki tatu taa zaanza kuzimika zenyewe, na baada ya miezi miwili injini yagonga. Ile hofu iliyomnyima usingizi mtu wa kwanza sasa imehamia nyumba ya mtu wa pili, naye hajui ilikotoka.

Ndugu zetu, jambo hili halikuachwa bila ya hukumu. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Huraira, R.A., kwamba Mtume S.A.W. alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikapata unyevu. Alipomwuliza mwenyewe, yule mtu alijitetea kwamba nafaka ilipatwa na mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimwuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika watu wake. Tazameni jinsi kisa hiki kilivyolingana na chetu: mvua ni ile ile, bidhaa imelowa, na mwenye nayo ameweka juu iliyo kavu. Mvua imetoka kwa Mungu na haina lawama. Kuificha ile iliyolowa ni kitendo cha mtu.

Na kuna kisa cha pili, ambacho ni cha chombo cha safari khasa. Imepokewa na Imam Ahmad kwamba mtu mmoja alimnunua ngamia nyumbani kwa Wathila bin Al-Asqa, R.A. Alipotoka naye, Wathila alimfuata mbio akamwuliza kama ameelezwa hali yake. Yule mnunuzi alistaajabu, kwani ngamia alikuwa mnene, mwenye afya ya kuonekana. Wathila akamwuliza kama anamtaka kwa nyama au kwa safari. Akasema anamtaka kwa safari ya Hija. Basi akamwarifu kwamba ukwato wake una tundu. Mwuzaji alikasirika, akaona biashara yake inaharibiwa. Na Wathila akamweleza kwamba amemsikia Mtume S.A.W. akikataza kuuza kitu bila ya kubainisha aibu yake, na kwamba kila aijuaye aibu hiyo yampasa aidhihirishe.

Katika kisa hiki mna mafunzo kwa watu watatu. Mwuzaji asiseme, "Mnunuzi ana macho yake," kwani yule mnunuzi naye alikuwa na macho, na macho yake yalimwonyesha unene tu. Dalali asiseme, "Mimi natafuta kamisheni yangu, gari si langu." Na fundi aliyeiona ile oili kwa macho yake, akaulizwa na mnunuzi, asinyamaze kwa kuhofia kumpoteza mteja, maana elimu aliyonayo ni ushahidi.

Huenda mtu akasema, "Mimi namwambia mnunuzi kwamba naiuza kama ilivyo, basi nimesalimika." Katika madhehebu yetu ya Shafi, sharti la namna hiyo halimwokoi mwuzaji na aibu aliyoijua akaificha, na mnunuzi akiigundua aibu ya zamani ana haki ya kurudisha alichonunua. Mwingine atasema, "Nikisema kweli nitapata nusu ya bei." Ni kweli, huenda akapata nusu. Lakini nusu hiyo ndiyo thamani ya motokaa yake. Ile nusu ya pili ni mali ya mtu mwingine anayotaka kuichukua. Na Mtume S.A.W. ametufundisha kwamba wenye kuuziana wakisema kweli na wakabainisha, biashara yao hubarikiwa. Na wakificha na kusema uwongo, baraka yake hufutwa. Wala hukumu hii haitazami dini ya mnunuzi wala kabila lake, kwani amana ni amana kwa kila mtu.

Na tukumbuke kwamba sisi watu wa pwani ni wanunuzi pia. Bandari ya Mombasa hupokea magari mengi yaliyotumika ng'ambo, mengi yao kutoka Japani na mengine kutoka Imarati. Tarehe 16 Aprili 2024 Imarati ilipata mvua kubwa kuliko zote zilizoandikwa huko tangu 1949. Mahali pamoja karibu na Al Ain palipimwa milimita 254 katika muda usiotimia siku moja, na huko Dubai magari mengi yalizama mabarabarani. Mtu wetu anayeagiza gari asiloliona hana budi kumwomba Mungu kwamba aliye upande wa pili wa bahari awe ni mtu wa kusema kweli. Basi lile analolitaraji kwa mgeni asiyemjua, alifanye yeye kwa jirani anayesali naye safu moja.

Kwa hivyo, ewe ndugu uliyepitisha motokaa yako majini, kagua, tengeneza unaloliweza, na usiloliweza subiri nalo. Ukitaka kuuza, uza. Wala hapana lawama kuuza kilicho na aibu ikiwa umeitaja. Mwambie mnunuzi siku ilipoingia majini, maji yalifika wapi, fundi alisema nini, na kitu gani kimebadilishwa. Akikubali, amenunua huku akijua, nawe umelala. Akikataa, umekosa bei, na ulimi wako umesalimika.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie mvua zetu kuwa za rehema, azihifadhi nafsi zetu na mali zetu, na atujaalie kuwa katika wale wanaoiweka juu nafaka iliyolowa ili watu waione. Amin.

Wabillahi tawfiq.