Msimfanye Babu Fimbo

Babu akifariki, nyumba ya mjukuu wake huanza kuishi na mtu mmoja zaidi. Picha yake hutundikwa sebuleni karibu na msalaba, mkongojo wake huletwa kutoka kijijini, na jina lake huwekewa mtoto atakayezaliwa. Haya ni mema. Katika jamii zetu nyingi hapa Kenya jina la babu halipotei, na Kanisa halimkatazi Mkristo kuwapenda marehemu wake. Swali tunalotaka mlitafakari ni jingine: je, upendo kwa babu aliyelala unaweza kugeuka dhuluma kwa mke au mume aliye hai?

Mtazame mume aliyelelewa na babu yake. Babu ndiye aliyeuza ng'ombe ili karo ipatikane, na ndiye aliyemfundisha kusali rozari. Mume huyu akilia, ana haki ya kulia. Lakini miezi ikipita anaanza kusema: "Babu hakuandaliwa chakula baridi hata siku moja." "Nyanya hakuwahi kumjibu babu hivyo." Mke naye atajibu nini? Akinyamaza, ameshindwa. Akisema lolote, amemtukana marehemu, na habari hiyo itafika hadi kwa mashemeji. Mashindano haya hayana haki, kwa sababu babu hakosei tena. Aliye hai huchoka, hukasirika, huunguza mboga. Marehemu amekwisha kuachana na hayo. (Na wake pia wanayo yao, tusiwafiche: "Babu yangu alijenga nyumba ya mawe kwa mshahara mdogo kuliko wako.")

Kila matanga husemwa kwamba marehemu hasemwi vibaya. Kama maana yake ni kutosengenya, hiyo ni adabu njema. Kama maana yake ni kwamba hakuwa na kosa, basi mbona tunamwombea? Yuda Makabayo alipochangisha fedha ili sadaka itolewe Yerusalemu kwa ajili ya askari wake waliouawa vitani, ilikwisha kujulikana kwamba walikuwa wamevaa hirizi za sanamu chini ya nguo zao. Aliwaombea kwa sababu hiyo hasa. Kumtangaza babu mtakatifu siku ya mazishi ni kumnyima sala, naye labda bado anazingojea.

Mtakatifu Augustino anatufaa sana hapa. Baba yake, Patricius wa Thagaste, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita leo Algeria, ndiye aliyekuwa babu ya kijana Adeodatus. Katika kitabu chake cha Maungamo, Augustino aeleza waziwazi kwamba mzee huyo alikuwa mwepesi wa hasira na hakuwa mwaminifu kwa mkewe Monika. Aeleza pia kwamba alikuwa na moyo wa wema, na kwamba, ingawa hakuwa tajiri, alijikakamua kupita uwezo wake ili mwanawe asome. Hakuchagua upande mmoja. Kisha awaomba wasomaji wake wawakumbuke Monika na Patricius pamoja, altareni.

Monika mwenyewe alikuwa amejiandalia kaburi kando ya mumewe. Lakini alipokuwa akifa huko Ostia mwaka 387, aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote, wasihangaike. Aliomba tu akumbukwe kwenye altare ya Bwana. Tungependa wanaogombana juu ya vigae vya kaburi la babu, hali karo ya muhula haijalipwa, wamsikilize mama huyu.

Wewe ambaye si babu yako aliyekufa, usikimbilie kusema, "Alikuwa mzee, alikula chumvi nyingi." Pengine ulimjua akiwa mgonjwa na mkali tu, na mwenzako anamlilia mtu mwingine kabisa, aliyembeba mabegani. Mwulize habari za mtu huyo, umsikilize mpaka amalize. Nawe mfiwa, usisimulie nusu. Kama babu alikunywa pombe, kama nyanya alilala jikoni kwa hofu yake, mweleze mwenzako hata hayo; ndiye aliyeapa kukubeba na mizigo yako. Mtoto mliyempa jina la babu naye asiambiwe, kila akifeli hesabu, kwamba anamwaibisha mzee. Ana maisha yake ya kuishi.

Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba Kanisa humpa mwamini nafasi ya kupata rehema kamili kwa ajili ya walio toharani, akitembelea makaburi na kuwaombea marehemu, na kutimiza masharti ya kawaida ya kuungama, kukomunika na kusali kwa nia za Baba Mtakatifu. Nendeni wawili. Na jioni mnapoandika majina kwenye bahasha ya nia za Misa, mke naye ashike kalamu, maana babu ya upande wake pia alifariki, na mara nyingi jina lake halimo.