Bonde Lililozamishwa, Je, Lirudishwe?

Safari hii tutafakari swali moja: bonde lililofunikwa na maji ya bwawa, je, ni haki kulirudisha kama lilivyokuwa, hata kama watu wamekwisha kuyategemea maji yale?

Huko Marekani, ndani ya hifadhi ya taifa ya Yosemite, kuna bonde liitwalo Hetch Hetchy. Mwaka 1913 sheria iliruhusu lizibwe ili mji wa San Francisco upate maji, na ukuta ukamalizika mwaka 1923. Wapo wanaodai bonde lirudi, lakini mwaka 2012 wapiga kura wa mji walikataa hata kutengeneza mpango wa kulirudisha. Tusiwahukumu upesi. Mama aliyeshinda kwenye mstari wa jerikani anajua kwamba maji si jambo la mzaha.

Hata hivyo, ukuta si wa milele. Katika nchi hiyo hiyo, mto Elwha ulikuwa na mabwawa mawili ya umeme: moja la mwaka 1913, na jingine la mwaka 1927 lililo ndani ya hifadhi ya Olympic. Yote mawili yalibomolewa kati ya 2011 na 2014, na umeme ungeweza kupatikana kwingine. Samaki wa salmoni wakaanza kupanda tena mtoni. Wenyeji, watu wa kabila la Klallam, wakapaona tena mahali patakatifu pa wazee wao, palipokuwa chini ya maji karibu miaka mia.

Na hapa kwetu? Kati ya 1907 na 1912 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kutoka eneo la maporomoko ya Murchison kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Mwaka 1952 eneo hilo likawa hifadhi ya taifa. Mgeni akifika husema ni pori tupu, kumbe palikuwa kwao watu. Mwaka 2019 kampuni moja ya Afrika Kusini iliomba kibali cha kujenga bwawa la umeme huko, na Waganda wengi wakapinga.

Sisi tuliohamishwa tunasema hivi: kurudisha ni haki, lakini wanaoyategemea maji wapatiwe mengine kwanza, na waliotolewa pale waulizwe. Bila hivyo tunamtua mmoja mzigo na kumtwika jirani yake. Nyumba hujengwa upya. Makaburi ya wazee hayabebeki kichwani. Kwa hiyo swali liulizwe mapema, maana ukuta ulio rahisi kuuondoa ni ule ambao haujajengwa.

Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kazi zilikuwa mbili, wala hakuambiwa achague moja.

Mbarikiwe.